Gari la Chama Linapoyumba kwa Breki: Ulizeni Kwanza, Nunueni Baadaye



Mwishoni mwa msimu mmoja wa kahawa niliitwa na kamati ya chama kimoja cha msingi kilichoko milimani, ili nitoe maoni juu ya pikapu yao. Juu ya meza ya Katibu palikuwa na karatasi tatu. Ya kwanza ilikuwa barua ya onyo kwa dereva, aliyedaiwa kuendesha kwa kasi hata gari likageuka na kutazama lilikotoka, katika mteremko wa udongo uliolowa mvua. Ya pili ilikuwa orodha ya vipuri alivyoviomba fundi: diski mbili za mbele, pedi zake, na masta silinda. Ya tatu ilikuwa hati ya malipo iliyongoja sahihi ya Mwenyekiti. Nilimwuliza dereva swali moja tu: je, gari huyumba likiwa na mzigo au likiwa tupu? Akajibu, "Ndugu, likiwa na mzigo halina neno. Likiwa tupu ndipo linaponigeuka." Katika muda wote wa shauri lile hapakuwa na mtu aliyemwuliza hivyo.

Mwisho wa shauri hilo nitaueleza mahali pake. Nimelitanguliza kwa sababu linaonyesha jinsi fedha za vyama zinavyopotea katika gereji. Mtu husema "gari linayumba", fundi husema "ni breki", na Katibu huandika hundi. Lakini kusema gari linayumba ni sawa na mgonjwa kusema anaumwa. Tabibu hatoi dawa kabla ya kuuliza ni wapi na tangu lini. Gari lenye kasoro hii huonyesha lenyewe mahali ilipo kasoro, na kuyatambua hayo si kazi ya fundi peke yake. Dereva, Katibu, na hata mwanachama aliyekaa kando yake wanaweza kuyaona.

Nguvu inayohusika

Yafaa kwanza tuelewe ukubwa wa kazi ya breki. Gari lenye uzito wa tani 3 pamoja na mzigo wake, likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, likisimamishwa kabisa hutoa joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita 2 za maji baridi. Joto hilo lote hupita katika diski, dramu na pedi kwa muda wa sekunde chache. Mwendo ukipunguzwa hadi kilomita 40, joto hilo halipungui kwa nusu bali hubaki robo tu. Kwa sababu hiyo kasoro isiyosikika kabisa katika njia za kijijini huweza kujitokeza kwa ghafla siku gari linapotumwa mjini kwa barabara ya lami.

Jambo la pili ni kwamba gari linapofungwa breki uzito wake huelemea mbele. Mtu aliyesimama katika basi hulijua jambo hilo vizuri. Magurudumu ya mbele hukandamizwa chini na hupata mshiko mkubwa, ilhali ya nyuma huwa mepesi. Ndiyo maana breki za mbele hufanywa ziwe na nguvu zaidi, na ndiyo maana magurudumu ya nyuma hayana budi kupewa breki kwa kiasi. Yakipewa kupita kiasi hujifunga kabisa na kuanza kuserereka, na gurudumu linaloserereka haliwezi tena kulishikilia gari lisiende upande. Mkia hutoka kushoto au kulia na kujaribu kulipita gari lenyewe. Magurudumu ya mbele yakijifunga, gari huendelea moja kwa moja hata usukani ukizungushwa vipi. Hali zote mbili ni za hatari, lakini ya kwanza ni mbaya zaidi, kwa kuwa dereva hapati nafasi ya kuisahihisha.

Gari linalovuta upande mmoja

Malalamiko yaliyo mengi ni haya: dereva akikanyaga breki, gari huvuta kushoto, au kulia. Kabla ya kugusa nati yoyote, gari lijaribiwe mara mbili katika barabara ile ile, mara ya kwanza likienda na mara ya pili likirudi katikati ya njia, mahali pasipo na magari wala watu. Barabara zetu huinama pembeni ili maji ya mvua yatoke, na gari zima kabisa huweza kufuata mwinamo huo. Likivuta upande ule ule wa usukani katika safari zote mbili, basi kosa ni la gari.

Hatua ya pili haihitaji hata spana: pimeni upepo wa matairi. Tairi moja la mbele likiwa na upepo pungufu kuliko mwenzake, gari huvuta upande wa tairi hilo, na breki hulizidisha jambo hilo. Tazameni pia kama matairi mawili ya ekseli moja ni ya aina moja. Tairi la redio na tairi la nyuzi za kukingama havipaswi kamwe kuwekwa katika ekseli moja, hata kama kimo chao kinalingana. Nimeliona gari la chama likitembea hivyo miezi mingi, kwa sababu tu tairi lile lilipatikana kwa bei nafuu.

Ikiwa matairi ni salama, sasa tuje kwenye breki zenyewe, na hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Gari likivuta kushoto, fundi hulifungua gurudumu la kushoto. Kumbe aghalabu gurudumu la kushoto ndilo zima! Linafanya kazi yake, na la kulia ndilo halifanyi. Pistoni ya kulia huenda imekwama kwa kutu, au pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimekauka grisi, au mafuta yameingia katika viatu vya breki kutoka kwenye sili iliyokufa. Fundi akilisafisha gurudumu la kushoto, haoni kosa, na kwa kuwa ni lazima akute kosa, huagiza kipuri.

Njia ya kuujua upande wenye kosa ni joto. Liendesheni gari kilomita 4 au 5 kwa breki za kawaida, kisha lisimamisheni na kusogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa chuma, maana diski huweza kuunguza vibaya. Magurudumu mawili ya mbele yapaswa kuwa na joto linalokaribiana. Likiwa la kulia ni baridi na la kushoto lina joto la kawaida, la kulia ndilo gonjwa. Baadaye liendesheni tena umbali huo huo bila kugusa breki kwa kadiri inavyowezekana, na mlisimamishe polepole kwa gia. Gurudumu litakalokuwa na joto katika jaribio hili la pili ndilo linalojishika lenyewe, na hilo hula pedi, hula petroli, na mwisho huharibu beringi.

Kuna kosa moja linalofichika sana, nami ningependa makatibu walijue kwa jina. Ni mpira wa breki, yaani ule mrija unaopeleka mafuta ya breki kutoka kwenye bomba la chuma hadi kwenye gurudumu. Kwa nje huweza kuonekana mzima, ilhali ndani umevimba na kuziba. Mguu wa dereva una nguvu ya kuyasukuma mafuta yapite, lakini mafuta hayana nguvu ya kurudi. Gurudumu hilo huchelewa kushika, na likishika huchelewa kuachia. Dereva atasema kwamba gari huanza kuvuta upande huu, na akiondoa mguu huendelea kuvuta upande ule. Gari likiwa limeinuliwa kwa jeki na gurudumu halizunguki, fundi afungue kidogo nipeli ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia mara moja, pistoni haina kosa; kizuizi kiko juu yake, na mpira ndio wa kushukiwa kwanza. Kipuri hiki ni cha bei ndogo mno kulingana na kalipa nzima, ambayo hubadilishwa bure mara nyingi.

Pedi na viatu vya breki vibadilishwe kwa jozi, kushoto na kulia pamoja. Kubadilisha upande mmoja ili kuokoa fedha ni kununua kasoro mpya. Vumbi la breki nalo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, kwa kuwa pedi za zamani zilitiwa asbesto, ambayo huharibu mapafu. Lipanguswe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji.

Usukani unaotetemeka

Ikiwa gari haliendi upande bali hutetemeka, hasa kuanzia mwendo wa kilomita 70 au 80, dereva aeleze anausikia wapi mtetemeko huo. Ukiwa mikononi, katika usukani, mara nyingi kosa liko katika magurudumu ya mbele: diski si za unene mmoja pande zote, au zimewekwa juu ya habu yenye kutu na uchafu na hazizunguki sawasawa. Ukiwa katika kiti na sakafu, tazameni dramu za nyuma, ambazo huenda si za duara kamili tena. Kwa magari ambayo breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, dereva aweza kuhakikisha kwa kuivuta taratibu katika mwendo mdogo, barabarani peupe, akiwa ameibonyeza kitufe chake wakati wote ili aiachie papo hapo. Mtetemeko ukitokea, ni dramu. Lakini jaribio hili lisifanywe kwa Land Rover za kazi za miundo ya zamani, kwa maana breki yake ya mkono haishiki magurudumu bali hushika shafti nyuma ya gia boksi, na si ya kutumiwa gari likiwa mwendoni.

Mara nyingi diski hupindwa na mtu, si na barabara. Nati za magurudumu zikikazwa kwa kurukia spana, na kwa kuzunguka badala ya kukingama, diski hubanwa upande. Zikazwe kwa kukingama, kidogo kidogo, kwa nguvu iliyo sawa.

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia nchini sasa yana mtambo wa kuzuia magurudumu yasijifunge. Katika gari la namna hiyo, breki ikikanyagwa kwa nguvu mahali penye utelezi, pedeli hugonga-gonga chini ya mguu. Hilo si kosa, bali ni mtambo kufanya kazi yake. Dereva asiachie mguu, wala asipige breki kwa kurudia-rudia kama tulivyofundishwa katika magari ya zamani. Akanyage na kushikilia. Taa ya mtambo huo ikibaki inawaka baada ya gari kuwashwa, basi mtambo umelala, na gari ni kama la zamani.

Mkia unaotoka nje

Sasa nirudi kwenye pikapu ya kule milimani. Tuliipeleka kwenye uwanja ulio tambarare mbele ya ghala la chama, ikiwa tupu. Nilimweka Mwenyekiti upande mmoja na Katibu upande wa pili, mbali na njia ya gari, nikawaomba wasitazame kitu kingine ila magurudumu. Dereva alikwenda kwa mwendo wa kilomita 30 hivi, akakanyaga breki. Wote wawili waliona jambo lile lile: magurudumu ya nyuma yaliganda na kulima mifereji miwili katika changarawe, ilhali ya mbele yalikuwa bado yakizunguka. Basi diski za mbele zilizokuwa zinaombwa hazikuwa na kesi ya kujibu.

Pikapu nyingi, karibu na ekseli ya nyuma, zina vali ndogo inayogawa nguvu ya breki kwa kufuata mzigo. Vali hiyo ina mkono wa chuma uliounganishwa na ekseli. Gari likipakiwa, kitako hushuka, mkono hujongea, na vali huruhusu mafuta mengi zaidi kwenda nyuma. Gari likiwa tupu, kitako hupanda na vali hupunguza. Ni chombo rahisi, nacho huamini jambo moja tu: kimo cha kitako juu ya ekseli.

Chama kile kilikuwa kimeongeza majani mawili katika springi za nyuma ili gari libebe magunia mengi zaidi. Springi zilipokuwa ngumu, kitako hakikushuka tena, na vali ikadhani gari ni tupu hata likiwa limejaa. Breki za nyuma zikawa dhaifu, na dereva akalalamika kwamba gari lenye mzigo halisimami. Fundi wa kwanza alilitatua tatizo hilo kwa waya: aliufunga mkono wa vali katika hali ya mzigo kamili. Gari lilisimama vizuri likiwa na magunia, na kila mtu akaridhika. Lakini tangu siku hiyo kila liliporudi tupu, magurudumu ya nyuma yalipata nguvu ya breki iliyopimiwa mzigo usiokuwapo. Msimu wa kiangazi halikuleta neno. Mvua ilipokuja, likageuka.

Waya ulikatwa, majani ya ziada yakaondolewa, na mkono wa vali ukapimwa upya kwa kipimo cha mtengenezaji. Hapakununuliwa kipuri hata kimoja. Barua ya onyo ilirudishwa kwa Katibu, naye Mwenyekiti aliichana mbele ya dereva, jambo ambalo hakushauriwa na mtu. Ninaongeza kwamba siku ile gari lilipogeuka, nyuma palikuwa na wanachama wanne waliopewa lifti kutoka mnadani. Walirushwa kwenye majani ya kando ya njia, wakaamka na michubuko. Hatua ishirini mbele yake njia ile ina korongo.

Vyama vinavyotaka kuongeza majani ya springi vikumbuke, kwa hiyo, kwamba vali hiyo lazima irekebishwe siku hiyo hiyo. Kinyume chake pia ni kweli: springi zilizochoka na kulala huifanya vali iamini kwamba gari limepakiwa, na mkia huserereka hata bila waya.

Pale ambapo breki hazina kosa

Yapo magari yanayoyumba ilhali breki zake ni kamili. Breki hulisukuma gurudumu kwa nguvu nyingi kurudi nyuma, na kitu chochote kilicholegea kati ya gurudumu na bodi hujionyesha wakati huo. Dalili yake ni gari kuruka kushoto breki inapokanyagwa na kurudi kulia inapoachiwa, mara nyingi kwa mgongano unaosikika chini ya miguu. Au kuvuta leo upande huu na kesho upande ule. Tazameni bushi zilizokufa, yuu bolti za springi zilizolegea, na senta bolti iliyokatika ikaiacha ekseli itembee.

Gurudumu la mbele likiinuliwa kwa jeki, na gari likiwa limewekewa gogo imara chini na vizuizi nyuma ya magurudumu mengine, lishikwe juu na chini na kutikiswa. Likicheza, mtu wa pili akanyage breki na litikiswe tena. Ulegevu ukitoweka, beringi ndiyo iliyolegea. Ukibaki, kosa liko katika bolijointi au kingi pini. Lishikwe kisha kushoto na kulia: ulegevu wa namna hiyo mara nyingi ni wa tairodi. Jaribio lote halichukui dakika 10.

Shokapu zilizokufa hudharauliwa sana. Katika barabara yenye makunyanzi huliacha gurudumu lirukeruke, na gurudumu lililo hewani halina breki. Dereva atasema gari "linaelea" anapokanyaga, na pua yake huinama mno.

Mafuta ya breki nitayataja kwa kifupi. Hunyonya unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, huchemka kwa nyuzi zisizopungua 205 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu huweza kuchemka kwa 140 tu, na katika mteremko mrefu kama wa Kitonga kiwango hicho hufikiwa. Yakichemka, pedeli huzama. Yabadilishwe kila baada ya miaka 2, na kamwe yasiongezwe mafuta ya injini wala mafuta ya taa, kwa kuwa hayo huvimbisha mipira yote ya mfumo.

Maandishi ya dereva

Katika daftari la safari la kila gari, naomba makatibu waongeze ukurasa wa dalili. Dereva aandike siku hiyo hiyo: mwendo ulikuwa kiasi gani, gari lilikuwa na mzigo au tupu, barabara ilikuwa kavu au imelowa, lilivuta upande gani, mtetemeko ulikuwa mikononi au katika kiti, na pedeli ilikuwaje. Kisha aandike kazi ya mwisho iliyofanywa katika gari kabla ya dalili kuanza, hata kama ni kubadilisha tairi tu. Chanzo aghalabu hupatikana katika mstari huo. Nakala ya ukurasa huo ndiyo iende kwa fundi pamoja na gari, na hati ya malipo isitiwe sahihi mpaka fundi aandike chini yake ni dalili ipi ambayo kila kipuri kinakusudiwa kuiondoa.

Gari likitoka gereji, lijaribiwe tupu kwanza, kisha na mzigo, mahali patupu, na dereva yule yule aliyeandika dalili. Hadi hapo lisipande mtu nyuma.